Kutia Nanga Kanduyi

Jumatatu, 11 Agosti. Tuwan, Kitale

Nimepata cheo! Jana kanisani, mbele ya watu wote, Mama Mchungaji Jelimo alinitangaza kuwa Mratibu wa Matengenezo na Mawasiliano ya Safina. Cheo kirefu. Nimekifupisha. Kapteni.

Safina ni ile ya Nuhu. Fundi Ngari ameijenga hapa Tuwan, nyuma ya nyumba zetu, kwa mbao za saiprasi na mabati, juu ya trela kuukuu ya miwa. Ina sitaha. Ina mlango ubavuni. Ina dirisha la twiga kutoa shingo. Jumapili itakuwa Kanduyi, kule Bungoma, kwenye mkutano mkubwa wa kanisa letu. Kwaya itakaa ndani. Mahubiri yakifika pale gharika inapokauka, Safina itateremka polepole hadi mbele ya jukwaa, mlango utafunguka, kwaya itatoka ikiimba. Kazi yangu ni kuiweka mahali pake, kuangalia vyombo, na kuhakikisha wafanyakazi wanaelewana. Mambo madogo.

Sasa sikia utamu. Ikienda vizuri, kanisa la Mombasa limeialika. Safina, kwaya, kapteni, na mke wa kapteni. Mombasa! Nilimwahidi Wilkista bahari siku ya harusi yetu, na sasa binti yetu Joy ana mtoto wake. Wilkista hajawahi kunidai. Ila kuna chupa moja ya juisi iko rafuni tangu Joy akinyonya. Imeoshwa, imefungwa kifuniko. Haitiwi mafuta ya taa, haitiwi maziwa. Ni ya maji ya bahari. Kila nikitafuta kiberiti naiona.

Waliniteua kwa ujuzi wangu. Niliwaambia nimeishi na meli. Si uongo. Nikiwa kijana nilivuka Likoni kwa feri, nikaenda na kurudi kutwa nzima, mpaka askari akaniuliza kama nimepotea. Hii kofia nyeupe niliinunua siku ile.

Nimemwambia Wilkista aniite Kapteni. Amesema haya, Kapteni, kuku hawajapewa chakula.

Jumanne, 12 Agosti

Redio za mkononi zimefika, tatu, za kuazima. Mama Mchungaji anataka moja iwe yangu, moja ya Ngari pale kwenye magurudumu, na moja ya Kipkemei kwenye trekta. Trekta ndiyo yenye winchi, na kamba ya winchi ndiyo itakayoishikilia Safina isiporomoke.

Huyu Kipkemei! Ni dereva kutoka huko juu Elgon. Mtu wa gambuti, viatu virefu vya mpira. Haongei. Utakaa naye asubuhi nzima upate "sawa" mbili tu. Na bado kila mtu anamuuliza yeye kwanza! Leo Ngari alitaka kujua kama trela itastahimili barabara ya Kamukuywa. Mimi niko hapo hapo, na kofia kichwani. Akamuuliza Kipkemei. Kipkemei akayatazama magurudumu, akasema sawa. Ngari akaridhika! Nami nilikuwa na maelezo marefu, yenye mawimbi ndani.

Nikafikiri. Mtu asiyeongea, redio ya nini? Nikaichukua yake nikampelekea Wilkista jikoni. Kwa majaribio. Nikapanda sitahani.

Ee, jioni ile! Ukungu ulikuwa unashuka kutoka Elgon. Mahindi ya Kitale mwezi huu yamempita mtu kimo, na upepo ukiyapitia yanainama yote pamoja, yanainuka yote pamoja. Nikamwambia Wilkista kwa redio kwamba nchi yote mpaka Kiminini imekuwa maji. Nikamwambia kuna ndege weupe wanaifuata meli. Akauliza ndege gani. Nikakiri ni yangeyange wa ng'ombe wa Phelista jirani, ila kwa leo ni ndege wa bahari. Halafu akauliza hayo maji yana rangi gani. Nilimweleza mpaka giza likaingia. Sikumbuki nilisema nini na nini. Uji uliungua, na hakugomba hata kidogo.

Ngari ameuliza redio zitachajiwa lini. Nimemwambia tutachaji Kanduyi. Huyu naye na wasiwasi!

Jumatano, 13 Agosti. Kanduyi

Tumesafiri! Trekta mbele, Safina nyuma, mimi juu. Kamukuywa watu walitoka madukani. Kimilili kinyozi alitoka na mteja wake, nusu kichwa kimenyolewa. Chwele mama mmoja wa sokoni aliuliza kwa sauti kama kuna jambo watu wa hali ya hewa wanawaficha. Nikampungia mkono taratibu, kama mtu anayeondoka bandarini.

Nilikuwa mbali kwa mawazo. Ndiyo maana sikuliona tawi la mpera. Kofia ikabaki mtini. Kipkemei alisimamisha trekta, akapanda, akaitungua, akaipangusa kwa mkono wake wa shati, akanipa. Bila neno! Afadhali angecheka bana.

Tumefika Kanduyi salama. Chaja ya redio haijafika. Iko rafuni kwangu Tuwan, karibu na chupa. Sitamwambia mtu. Nimempigia Wilkista, maana anakuja Jumamosi na akina mama wa chai. Lakini Ngari alikuwa karibu ananisikiliza, basi nikamwambia tu alete kile kitu cha rafuni, anakijua. Amesema kwa furaha kwamba anakijua sana.

Alhamisi, 14 Agosti

Leo ndiyo kuiweka mahali. Uwanja ni shamba la kanisa lenye mteremko. Juu barabara, katikati Safina, chini jukwaa. Nyuma ya jukwaa kuna mahindi kidogo, halafu bwawa la samaki la Mama Nyaruai, mjane anayefuga ngege na kambare. Maji yake yametulia. Nimeyatazama sana, sana kuliko ilivyohitajika.

Pua ya Safina ilitakiwa ielekee jukwaani, nyoofu. Nikasimama sitahani kuongoza. Kushoto kidogo. Kulia. Rudi. Redio zilikuwa na chaji ya kusemea "krrr" tu, basi nilipaaza sauti. Mambo yalikuwa yanaenda vizuri kabisa mpaka wingu moja likatokea upande wa Lwakhakha, jeupe, lenye tumbo, linakwenda polepole kuelekea Uganda kama lina nauli yake. Nililisindikiza kwa macho. Nilipogeuka Safina ilikuwa imeelekea pembeni, kwenye mahindi. Kipkemei ameshazima trekta. Akauliza kama hivyo ndivyo ninavyotaka.

Ningesemaje? Nikamwambia meli haisimami nyoofu, husimama kwa kufuata upepo. Akaitazama Safina. Akalitazama jukwaa. Akasema sawa.

Mchana nimefanya matengenezo yote peke yangu, Kipkemei akiwa ameenda kutafuta dizeli. Nimepaka grisi winchi. Nimepaka kila mahali, meno, roda, mpini, hata breki yake ndani kabisa, maana ilikuwa kavu na ikigusana inakwaruza vibaya. Sasa inateleza kimya. Hakuna mtu aliyeniagiza. Huo ndio moyo wa kujitolea.

Ijumaa, 15 Agosti

Kipkemei ameweka mawe chini ya magurudumu! Mawe makubwa, manne, yana matope! Ati kwa usalama. Nimekaa pembeni nikaiangalia Safina. Ilikuwa kama kibanda cha viazi kilichotobolewa tairi. Nani amewahi kuona meli juu ya mawe? Meli ikikaa juu ya mawe imezama, hiyo.

Nimesubiri aende kula githeri. Nikayasukuma mawe yote pembeni, nikayafunika kwa nyasi. Badala yake nimetia nanga. Nanga halisi! Nilichomelewa Tuwan kutoka kwa majembe mawili, na ile grisi iliyobaki nimeing'arishia. Nimeilaza kwenye nyasi, mnyororo wake umepinda vizuri. Upepo ulivuma, mabati yakalia kidogo, na kwa muda nilihisi kabisa chini yangu kuna kitu kinapumua. Nilikaa hapo mpaka nguo zikaingia umande.

Jumamosi, 16 Agosti

Redio zimekufa. Hata "krrr" hakuna.

Wilkista ameshuka na akina mama wa chai, sufuria kichwani, uso unang'aa. Nikamvuta pembeni, nikamwomba kile kitu. Akafungua leso kwa uangalifu, akatoa chupa. Chupa! Ati alijua Mombasa tutaondokea hapa hapa, na nimeikumbuka mwenyewe bila kukumbushwa. Alikuwa ananiangalia vile alivyoniangalia siku ya harusi. Ningemwambiaje kuhusu chaja? Nikasema asante Mama Joy, ndiyo hiyo hasa.

Nikaenda kwa Mama Mchungaji nikamwambia kwamba baada ya kutafakari nimeona redio si za heshima katika ibada, zinakwaruza masikio ya waumini. Mabaharia wa kweli wanatumia mikono. Alifurahi! Ati ni mtazamo wa kiroho.

Nimewapanga. Mimi nitasimama kwenye ngazi ya jukwaa. Kipkemei atakuwa juu kwenye winchi, ananiona. Mkono mmoja juu, anashikilia. Mikono miwili juu, anaachia kamba. Mikono miwili haikosewi, inaonekana hata kutoka barabarani. Nimemwamuru asinitoe machoni hata nukta moja. Asifumbe macho, hata wakati wa maombi.

Kipkemei akafungua kinywa. Akauliza, na tukiomba? Maneno mawili! Nimemwambia yeye ni mtu wa winchi, maombi awaachie wachungaji.

Akasema sawa.

Jumapili, 17 Agosti

Naandika nikiwa nimejifunika blanketi la kanisa.

Asubuhi ilikuwa njema mno. Uwanja ulijaa kutoka mahindini mpaka barabarani. Jua la upole. Kwaya ilikuwa ndani ya Safina na Wilkista alikuwa nao humo, anawapa chai ya tangawizi kwa ajili ya sauti. Mimi ngazini, suti yangu ya harusi, kofia, mkono mmoja juu. Kipkemei juu kule, mdogo kama kidole, ananitazama. Macho wazi. Mtiifu, huyo siwezi kumnyima.

Mama Mchungaji alihubiri gharika mpaka nikasikia mvua. Kweli! Nikafumba macho nikaona maji yanapanda Webuye, yanapanda Kimilili, Elgon imebaki kisiwa, na mimi na Wilkista tumekaa sitahani miguu inaning'inia. Alikuwa ananiuliza maswali na mimi nina majibu yote.

Ndipo Mama Mchungaji akasema, kabla Safina haijashuka, tuombe. Kila mtu ainue mikono yote miwili kwa Bwana.

Uwanja mzima ukainua. Wazee, akina mama, watoto, muuza miwa pale getini. Na mimi? Mimi ni Mkristo! Nikainua yangu, juu kabisa, kwa moyo wote, macho nimefumba.

Kipkemei aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuagizwa kitu na watu wengi hivyo. Aliachia yote.

Nilisikia kwanza mnyororo. Nanga yangu ilipita karibu na jukwaa ikirukaruka kama mbuzi aliyekata kamba, ikifuata meli yake. Kipkemei alivuta breki ya winchi kwa nguvu zake zote, breki ikateleza kimya, kimya kabisa, jinsi nilivyoipaka. Ngari alikimbia kutafuta mawe. Hakuyaona. Na Safina ikapita! Ikalikosa jukwaa kwa upana wa mtu mmoja mnene, kwa sababu ilikuwa imeelekea pembeni. Ningeiweka nyoofu wangepotea Mama Mchungaji na wageni wote wa heshima. Hili hakuna aliyenishukuru.

Ikaingia mahindini. Mahindi yakainama. Ikatoka upande wa pili, ikaruka ukingo, ikaingia bwawani kwa Mama Nyaruai.

Watu wakapiga mayowe. Mimi nilikuwa nakimbia na ninalia. Nilikuwa naita Wilkista, Wilkista, si Mama Joy, jina lake kabisa, mbele ya watu. Kofia sijui iliangukia wapi. Nilijiambia nikimkuta mzima sitataka meli tena maishani. Niliapa.

Nikafika ukingoni nikasimama. Trela ilikuwa imekatika kwenye ukingo, imebaki magurudumu juu. Na Safina, bana, ilikuwa inaelea.

Inaelea! Polepole, inazunguka kidogo, kama inatafuta pa kwenda. Mabata wa Mama Nyaruai waliipisha. Ndani kwaya ilikuwa bado inaimba, maana hawana dirisha upande ule na walidhani ndilo igizo lenyewe. Maji yalimeremeta. Halafu mlango wa juu ukafunguka, Wilkista akatoka sitahani, birika mkononi. Akayatazama maji mbele, akayatazama nyuma. Akaniona. Akacheka! Kicheko kile ambacho sijakisikia tangu Joy akinyonya. Akaweka birika chini, akakaa, miguu ikaning'inia.

Sijui ilichukua muda gani. Mfupi. Safina ikazama taratibu mpaka magotini, ikakaa kwenye matope. Hakuna aliyeumia, ila kambare kadhaa. Wanakwaya walitolewa mmoja mmoja wakiwa wamebebwa mgongoni, na aliyembeba Wilkista ni Kipkemei. Gambuti!

Nilimletea Wilkista chupa yake nikamwambia aijaze basi, maji si ndiyo haya, na meli ameipanda. Ameifuta matope kwa leso. Amesema chupa hii ina maji yake.

Jumatatu, 18 Agosti

Kikao. Nilijitetea vizuri. Nilieleza kwamba Safina iliyojengwa kwa ajili ya nchi kavu, chini ya uongozi wangu, imeelea. Nuhu mwenyewe alihitaji gharika. Mama Mchungaji aliweka uso kwenye viganja vyake, nadhani kwa hisia.

Uamuzi. Watu wa Mombasa wamesikia na sasa wanaitaka kwaya zaidi, hata bila Safina. Watakwenda kwa basi. Wilkista anakwenda, ndiye mpishi wao, tena kwaya yote imesema bila chai yake hawaimbi. Kipkemei anakwenda kusimamia vyombo, kwa sababu, nayanukuu maneno ya Mama Mchungaji, mtu anayefuata maagizo hivyo ni adimu. Mimi nabaki Kanduyi kumsaidia Mama Nyaruai mpaka bwawa lirudi lilivyokuwa.

Wilkista aliuliza kikao kama haiwezekani nami niende. Aliuliza mara ya pili. Nikamwambia aende, kapteni haachi meli yake. Nikatoka nje haraka, nikajifanya nakagua nanga.

Jumatatu, 1 Septemba

Wako pwani. Mimi niko bwawani. Mama Nyaruai si mbaya, ila anaomba asubuhi, mchana na jioni, na hapendi mzaha juu ya kambare. Safina tumeiacha hapo, mabata wameingia, wanaonekana kuridhika.

Leo tulikuwa tunashusha pampu ya maji. Yeye ameshika kamba ukingoni juu, mimi chini nikimwongoza. Ishara ni ile ile. Nimeitafakari sana, ishara haikuwa na ubaya wowote. Watu ndio walikuwa wengi. Hapa tuko wawili tu, nani atakosea?

Pampu ikiwa hewani simu ikalia. Wilkista! Sauti yake ilikuwa mbali, ina upepo. Hakusema habari. Alisema tu, Baba Joy, sikiza, halafu akaishusha simu karibu na maji. Nikasikia. Wimbi linakuja, linakaa kidogo, linarudi. Linakuja tena. Kisha akaniambia rangi yake. Alinieleza pole pole, kama mimi nilivyomweleza kwa redio, na akasema mahindi ya Kitale nilikuwa nimeyafananisha na bahari vizuri. Akasema chupa imejaa. Akasema mwaka kesho tutakuja wawili, yeye ndiye atanilipia.

Nilifurahi jamani! Niliinua mikono yote miwili juu nikapiga haleluya.

Pampu iko chini ya bwawa.

Mama Nyaruai amegomba, halafu ameomba, halafu ameazima pampu nyingine ya jirani. Kesho tunaishusha hiyo. Lakini mimi sasa nimefunguka macho. Kosa limekuwa mikono! Mikono inainuka yenyewe, mtu akifurahi, akiomba, akishtuka. Nimempa Mama Nyaruai ishara mpya, safi, isiyokosewa. Asinitoe machoni, na asiachie kamba mpaka anione nimepiga magoti. Amesema sawa.

Na kesho mchana Wilkista anarudi na chupa yake, basi litamshusha hapa hapa Kanduyi. Nimeshapanga. Akitokea tu pale mahindini, hata kama kazi inaendelea, nitamwendea nimpigie magoti papo hapo ukingoni, nimwombe msamaha kwa yote.